Tufe la kujaza upepo kwa watoto wa miaka 4 hadi 8

Ramani ya ukutani isiwe ya kwanza kwa mtoto mdogo. Zilizochorwa kwa mtindo wa Mercator, unaotanua nchi zilizo karibu na ncha za dunia, huionyesha Greenland ikilingana na Afrika, ilhali Afrika inaizidi mara 14. Tufe la plastiki la kujaza upepo lenye ramani ya dunia, lile linalouzwa pamoja na mipira ya ufukweni, halina kosa hilo, na likianguka halivunjiki. Tunalipendekeza, ila chagua kwa makini.

Anza na vipimo. Sentimita 40 zinazoandikwa kwenye pakiti kwa kawaida hupimwa tufe likiwa bapa. Likijaa, kipenyo ni 25 hivi. Si hasara. Mzunguko wake kwenye ikweta unakuwa kama sentimita 80, na wa dunia ni kilomita 40,000, kwa hiyo sentimita 1 ni kilomita 500. Mpe mtoto uzi na rula: Dar es Salaam hadi London ni sentimita 15, Nairobi hadi Mombasa haifiki hata 1. Tufe liwe limejaa barabara, maana mikunjo huharibu kipimo.

Kabla ya kulipa, kagua maungio. Ramani huchapwa kwa vipande vinavyogandishwa, na vikipishana milimita 3 tu, pwani imehama kilomita 150. Unguja, yenye urefu wa kilomita 85 hivi, haifiki milimita 2; ungio likipita juu yake, kisiwa kimepotea. Tafuta pia Sudan Kusini. Isipokuwepo, ramani ni ya kabla ya 2011.

Yenye bahari angavu yanavutia macho, lakini yaache. Ukilimulika kwa tochi kama jua, mwanga unapenya hadi upande wa pili na somo la usiku na mchana linaharibika. Kwa lisilopitisha mwanga, zima taa, mtoto abandike alama ya nyumbani kwao, kisha alizungushe kuelekea mashariki. Wengi hulizungusha kinyume, na Kampala inapambazukiwa kabla ya Mombasa! Kwa kweli Mombasa hutangulia kwa karibu nusu saa.

Matumizi bora kabisa ni kurushiana. Anayedaka atazame kidole cha shahada cha mkono wa kulia kimegusa nchi kavu au maji. Katika mara 20, maji yatakaribia 14, kwa kuwa yamefunika asilimia 71 ya uso wa dunia. Mtoto wa pwani afuate kwa kidole njia ya kaskazi, upepo wa Desemba hadi Machi, kutoka Uarabuni hadi Zanzibar, kisha arudi na kusi. Kaskazini na kusini atakuwa amezipitia kwa mkono, hana haja ya kuzikariri.

Halifai kufundishia Antaktika, kwani mara nyingi mdomo wa kujazia umekaa hapo. Usiliache juani likiwa limejaa: hewa hutanuka na maungio huachia. Likivuja, lipake maji ya sabuni. Mapovu yataonyesha tundu.