Baiskeli ya kukodi Hell's Gate: kwenda raha, kurudi cheni kwenye spoku

Pesa ya kukodi si hoja. Kinachoniwasha mpaka leo ni yule kijana wa baiskeli, karibu na njia panda ya kuingia Hell's Gate pale Naivasha, alivyoitazama cheni iliyokwaruza spoku, akatema mate kando, akasema, "Bosi, hii ilitoka hapa iko sawa. Umecheza na gia." Na kitambulisho changu kiko mfukoni mwake. Nimecheza na gia! Sasa gia ziliwekwa kwenye baiskeli zichezewe na nani, pundamilia?

Kiingilio na saa za kufungua geti mtazitafuta wenyewe. Nataka kusema jambo moja ambalo hakuna anayekuambia unapokodi. Kutoka Elsa Gate, geti la kuingilia mbugani, mpaka kituo cha askari wa mbuga pale juu ya korongo la Ol Njorowa, sehemu kubwa ya njia ni mteremko. Kurudi ni kupanda. Na baiskeli za kukodi hujaribiwa wapi? Tambarare, mbele ya kibanda, mita ishirini huku na huku, gia ya katikati. Unashuka kwa gia nzito ukijisifu. Ile gia nyepesi kabisa, ya jino kubwa la nyuma (jino ni kila duara lenye meno pale cheni inapopanda), huigusi hata mara moja mpaka saa ya kurudi, jua la utosi, vumbi la majivu mdomoni, magoti yanalia. Unaibadilisha, cheni inaruka jino kubwa na kutumbukia kati ya jino na spoku. Gurudumu linashika palepale. Usipowahi kuteremsha mguu, unalala chini.

Hiyo si bahati mbaya, na wala si mwendeshaji. Ule mkono wa gia unaoning'inia nyuma umeshikiliwa na kipande kidogo cha chuma kilichofungwa kwenye fremu, upande wa kulia. Baiskeli zinapopangwa juu ya pikapu zikilaliana, au mtu anapoilaza baiskeli upande huo huo wa kulia, kipande kile hupinda kuelekea spoku. Milimita chache tu. Kwenye meno ya katikati hutahisi kitu. Kwenye jino la mwisho, mkono unaingia ndani ya spoku. Halafu kuna skrubu mbili ndogo kwenye mkono huo, mara nyingi zimeandikwa H na L. L ndiyo mlinzi wa upande wa spoku. Ikiwa imelegea, hakuna kinachouzuia mkono usipitilize. Kama kipande hakijapinda sana, dawa yake ni bisibisi na robo mzunguko kufuata mwendo wa saa. Robo mzunguko! Kazi ya nusu dakika, halafu naambiwa nimeharibu mali ya watu.

Kwa hiyo kabla hamjatoa kitambulisho, mmoja ainue baiskeli kwa tandiko hadi gurudumu la nyuma lielee, mwingine azungushe pedali kwa mkono na kupitisha gia zote, moja moja, mpaka nyepesi kabisa. Kisha simameni nyuma yake na kuchungulia. Mkono unatakiwa uning'inie wima, sambamba na meno. Ukiona umeinama kuelekea spoku, ikataeni. Cheni ikiwa kwenye jino kubwa, sukuma mkono ule taratibu kwa kidole kuelekea ndani huku pedali ikizunguka. Ukisikia tik-tik-tik ya spoku, ikataeni, hata kama ndiyo inayong'aa kuliko zote. Hasa kama ndiyo inayong'aa.

Rafiki yangu alipewa kikongwe, rangi imebabuka, kibadili gia kimekufa, cheni imeganda kwenye jino la katikati. Alinung'unika asubuhi nzima. Kwenye mlima alishuka akaikokota mara mbili tatu, akafika getini kabla yangu, akaninunulia soda.

Na ikikukwama huko ndani, usivute cheni kwa nguvu, wala usikanyage pedali ukidhani itajitoa yenyewe. Ndivyo spoku zinavyokatika, na zikikatika gurudumu linayumba na kusugua breki mpaka nyumbani. Sukuma sehemu ya chini ya ule mkono kuelekea mbele ili cheni ilegee, kisha rudisha gurudumu nyuma polepole huku ukiinyanyua cheni kidogo kidogo kutoka juu. Ikigoma, legeza gurudumu kwenye ekseli, lisogee, cheni itapata nafasi. Ukishaitoa, isahau ile gia nyepesi. Weka sahani ndogo ya mbele na jino la tatu au la nne la nyuma, ukihesabu kutoka lile kubwa, na penye mwinuko mkali shuka utembee. Hakuna aibu.

Nilikuwa nimeazimia kuandika kwamba watu wasikodi kabisa, waende na gari. Lakini ningekuwa mwongo. Mbuga ambazo mtu anapita katikati ya wanyama kwa baiskeli nchini Kenya ni za kuhesabu, na hii ndiyo inayojulikana kuliko zote. Unapita chini ya miamba myekundu iliyosimama kama ukuta, Fischer's Tower iko peke yake kando ya njia na pimbi wake wanaokukodolea macho, na mbele mvuke wa Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa joto la ardhi, unapanda taratibu. Ndani ya gari ungeona vyote hivyo, lakini usingesikia ngiri akikimbia kwenye nyasi kavu. Sawa basi, kodini. Ila nendeni na bisibisi.

Mengine ni ya kawaida. Maji lita mbili kila mtu, maana kupanda kwa kurudi kunayamaliza. Tairi lisiwe gumu kama jiwe. Kwenye mchanga litacheza, na kwenye kokoto litakurusha. Libonyeze kwa kidole gumba, liingie kidogo tu. Pancha nyingi huko ni za miiba ya migunga, na kosa la watu ni kubandika kiraka bila kupapasa ndani ya tairi. Mwiba unabaki pale pale, unatoboa tyubu upya baada ya nusu kilomita. Papasa tairi lote kwa ndani, polepole usijichome, ung'oe mwiba, ndipo ubandike, na gundi uiache ikauke kwanza. Breki: vuta mpini, ukigusana na usukani hiyo si breki. Chakula kifungeni ndani ya begi, tumbili wa pale hawaombi. Nyati mkiwaona karibu na njia, simameni mbali na msubiri, baiskeli si kinga.

Na korongoni, mawingu yakikusanyika juu ya vilima, hata kama mliposimama ni kukavu, msishuke. Mwaka 2019 mafuriko ya ghafla yaliua wageni humo. Maji yanatoka mbali, hayangoji mvua ikunyeshee wewe.

Turudi kwa bwana mkubwa. Alidai fidia ya spoku mbili zilizokwaruzwa. Nilimwonyesha kipande kilichopinda, nikamwonyesha skrubu iliyolegea hadi inazungushwa kwa ukucha, na alama za zamani kwenye spoku nyingine, zenye kutu, ambazo si za siku ile wala za wiki ile. Akasema yeye si fundi. Nikampa nusu ya alichotaka, kwa ajili ya kitambulisho tu, wala si kwamba nilikubali kosa. Basi mkikodi, pigeni picha upande wa kulia wa gurudumu la nyuma mbele yake kabla ya kuondoka. Hilo peke yake lingeniokoa.

Mnajua alifanya nini? Akaifuta vumbi kwa kitambaa, akairudisha mstarini, na kabla sijamaliza soda alikuwa anamkabidhi dada mmoja aliyekuja na mwenzake. "Hii iko sawa kabisa, madam." Nikamwambia yule dada asiguse gia ya mwisho. Kisha nikamwomba kijana bisibisi, niikaze ile L mwenyewe, bure, robo mzunguko.

Baiskeli zaidi ya ishirini pale nje. Hana bisibisi.