Ringi za habu za aluminiamu: balansi ilishindwa, hizi zimemaliza mtetemo wa spidi kubwa

Nianze na jibu kabisa kwa wenye haraka. Kama umefunga rimu za spoti afu gari ikifika 90 steringi inaanza kucheza mkononi, ukifika 110 mpaka kioo cha ndani kinatetemeka na gari la nyuma hulioni vizuri, kabla hujarudi tena kwenye balansi (kusawazisha uzito wa gurudumu kwa mashine) nunua ringi za habu, yaani kile kitovu cha gari ambacho rimu inafungwa juu yake. Ni kiduara tu cha aluminiamu cha kuchomeka nyuma ya rimu, chepesi, ukikishika huwezi kuamini kina kazi yoyote ya maana, lakini kwenye gari yangu ndicho kilichomaliza mtetemo ambao balansi ilishindwa, na siyo balansi mbovu, mashine ilikuwa inasoma sifuri pande zote mbili za kila tairi.

Hapo ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa, mashine inasema sifuri, fundi anaapa kazi imeisha, na gari bado inatikisika. Iko hivi. Rimu ya kiwandani tundu lake la kati limekatwa likae sawasawa kwenye ile shingo ya habu ya gari husika. Toyota nyingi za saizi ya kati shingo ni milimita 60.1, zile ndogo 54.1, Subaru nyingi 56.1, Honda nyingi 64.1, Nissan nyingi 66.1. Mtengeneza rimu za spoti yeye anataka rimu moja imfae kila mtu, kwa hiyo anakata tundu kubwa, mara nyingi 73.1. Sasa chukua rimu ya 73.1 uivalishe kwenye habu ya 60.1, kuna nafasi ya milimita sita na nusu kila upande, yaani hapo katikati hakuna kinachoshika chochote, rimu inategemea nati peke yake zikupatie senta. Na mashine ya balansi haijui habari hiyo hata kidogo, kwa sababu pale kwenye mashine rimu inashikwa na koni kupitia lile tundu la kati, iko senta safi kabisa. Ukija kuifunga kwenye gari inakaa kivingine.

Na usidharau neno "kidogo" hapa. Gurudumu zima, rimu na tairi, la kilo 20 likikaa nje ya senta kwa nusu milimita tu ni sawa na mtu kabandika karibu gramu 45 upande mmoja wa ukingo wa rimu ya inchi 18. Fundi wa balansi akiona gramu 45 kwenye kioo cha mashine hawezi kukuruhusu uondoke, ila hizi hazioni. Afu nguvu ya mtikisiko haipandi sambamba na spidi, spidi ikizidi mara mbili nguvu inazidi mara nne, ndo maana mjini kwa 50 gari imetulia kabisa ukitoka barabara kuu inageuka kitu kingine. Kwa 100 tairi la kawaida linazunguka kama mara 14 kwa sekunde moja, na mapigo ya kasi hiyo yanaangukia pale pale ambapo sasipensheni nyingi zinapenda kuitikia, kwa hiyo kuna spidi fulani mtetemo unakuwa mkali na ukiipita unaona kama umepungua.

Basi tuje kwenye ringi zenyewe. Seti ni nne, kila moja imechongwa namba mbili, yangu 73.1 kwa 60.1, ya kwanza ni tundu la rimu na ya pili ni shingo ya habu. Nilizipima na kalipa, kile kipimo cha milimita cha taya mbili, kabla ya kufunga na zilikuwa kweli, siyo namba za kwenye pakiti tu. Zinavyotakiwa kukaa ni hivi, ndani ya rimu iingie kwa kusukuma na kidole gumba bila kuipiga nyundo, na rimu ikienda kwenye habu uisikie inateleza kwa kubana kidogo afu inatulia, ukiiachia bila nati hata moja haichezi juu chini. Ule ukingo uliolazwa, yaani uliokatwa mshazari, unatazama upande wa gari, ukigeuza ringi inagota kwenye mzizi wa habu na rimu haitalala vizuri. Pakiti haikuwa na maelezo yoyote kuhusu hilo, na kwa kweli nalihesabu ni pungufu kubwa la hii bidhaa, mtu asiyejua atafunga kinyume na kesho atasema ringi hazifanyi kazi.

Jambo la pili ambalo pakiti haikusema ni kusafisha. Uso wa habu ukiwa na kutu iliyovimba, ringi nzuri kuliko zote duniani haitakusaidia maana rimu italala upande. Piga brashi ya waya mpaka chuma kionekane, safisha na nyuma ya rimu, paka grisi ya shaba nyembamba kwenye shingo tu, usiguse boliti wala disiki ya breki. Hiyo grisi siyo mapambo, aluminiamu na chuma vikikaa pamoja na maji vinashikana, na siku ya pancha utapiga rimu teke mpaka uchoke.

Kufunga nako kuna namna yake. Gari ikiwa bado juu ya jeki kaza nati kwa mkono, moja afu ya mkabala wake, kidogo kidogo, mpaka rimu ikae, ndipo ushushe umalizie na spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Toyota nyingi za boliti za milimita 12 ni kama Nm 103, ya gari yako soma kwenye kitabu chake. Wale wa bunduki ya upepo wanaopiga nati ya kwanza mpaka mwisho kabla hawajaigusa ya pili wanaivuta rimu upande mmoja pale pale. Rudia kukaza baada ya kilomita 100 hivi. Na jamani nati! Rimu za aluminiamu za Toyota nyingi zinakuja na nati zenye washa bapa, rimu za spoti nyingi zinataka nati ya koni ya digrii 60. Nati ya bapa kwenye tundu la koni haishiki senta na inaweza kulegea ukiwa mwendoni, hili ni la usalama kabisa kabla hata ya kuongelea mtetemo.

Kuna za plastiki pia na watu wanabishana sana. Ukweli ni kwamba ringi haibebi uzito wa gari, kinachobeba ni mkandamizo wa nati kati ya rimu na habu, ringi kazi yake ni kukushikia senta wakati unakaza, kwa hiyo ya plastiki inaweza kufanya kazi vizuri tu na haishikani na kutu. Ila breki zikipata moto sana, mfano kushuka mlima mrefu na mzigo, nimeshaona ya plastiki imelainika na kupinda, ukiifungua haifai tena. Mi nabaki na aluminiamu.

Matokeo sasa. Steringi imetulia, 110, 120, hakuna kitu, unashika kwa vidole viwili. Kilichobaki ni mvumo mdogo sana kwenye kiti, na huo ringi haziwezi kuutoa kwa sababu mtetemo wa kwenye kiti mara nyingi ni magurudumu ya nyuma, na nilipoyazungusha juu ya jeki tairi moja lilikuwa linapanda na kushuka kwa macho. Hiyo ni tairi kutokuwa duara kamili, dawa yake ni ile mashine ya balansi yenye roli linalokandamiza tairi kama lami inavyolikandamiza, au kuligeuza tairi kwenye rimu ili pale lilipopanda pakutane na pale rimu iliposhuka. Na kama yako inatetemeka ukikanyaga breki tu, angalia disiki. Ikitetemeka ukivuta mafuta tu na ukiachia inatulia, angalia ekseli na jointi zake, usinunue ringi.

Kwa kazi zilizotengenezewa, nazipa nne na nusu kwa tano. Hiyo nusu nimeikata kwa sababu ya karatasi ya maelezo ambayo haikuwepo. Ukienda kununua pima tundu la rimu yako mwenyewe na kalipa, usitaje aina ya gari tu, kwa sababu kuna rimu za 72.6 na za 73.1 na kwa macho huwezi kuzitofautisha.