Kituo cha mama wadogo Kihesa: kile chumba cha watoto ndo kila kitu

Kamwene jamani. Naandika hii kwa yeyote mwenye binti kazalia nyumbani na hajui aanzie wapi, maana mwaka jana mimi nlikuwa hivyohivyo.

Mdogo wangu aliacha shule kidato cha 2 akaenda Dar kufanya kazi za ndani, si mnajua sisi wa Iringa ilivyo, mabasi ya asubuhi pale Ipogolo yanavyobeba mabinti, akarudi na miaka 17, mimba ya miezi 6 na begi moja. Baba hakuongea nae mpaka mtoto kazaliwa.

Kabla ya Kihesa nlishampeleka sehemu mbili. Ya kwanza tulikaa kwenye benchi toka saa 2 mpaka saa 7, alafu dada wa mapokezi akamuuliza mbele ya watu wote baba wa mtoto ni nani, mdogo wangu akainama akawa anavuta nyuzi za kanga yake tu, hatukurudi tena. Ya pili ni watu wazuri ila wakamwambia kwenye mafunzo aje bila mtoto. Sasa mtoto wa miezi 3 ananyonya, umuache na nani?

Hapa Kihesa kuna chumba cha watoto. Mkeka, magodoro mawili, mama mmoja mtu mzima na binti wa kumsaidia, nje jiko la mkaa la kupikia uji. Mabinti wako chumba cha pili kwenye cherehani, mtoto akilia mama yake anaitwa, ananyonyesha, anarudi kwenye mshono wake. Siku ya kwanza nlisimama dirishani nikamuona mdogo wangu anakata kitambaa, mgongoni hana kitu, toka ajifungue sikuwahi kumuona hivyo, nikalia kweli. Kushona hata fundi wa mtaani atakufundisha, ila chumba kama kile sijakiona kwingine.

Na huyo mama wa chumba cha watoto Mungu ampe maisha marefu. Mtoto alikuwa haongezeki uzito, majirani wakaanza maneno eti kabemendwa, yaani mama yake kalala na mwanaume wakati ananyonyesha, mdogo wangu akaona aibu hata kliniki akawa haendi. Mama yule akamuuliza tu, unampa nini mwanangu? Uji mwepesi wa sembe na sukari, na mtoto ana miezi 8. Akamuonyesha palepale, uji uwe mzito ushike kwenye kijiko, karanga usage kidogokidogo usizichanganye kwenye unga wa mwezi mzima zikaota ukungu, maharage uponde, yai, parachichi ambalo hata kwetu uani lipo. Mkoa wenye mahindi kama huu, utafiti wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto chini ya miaka 5 wamedumaa, zaidi ya nusu jamani, na bado tunawanyooshea vidole mama zao.

Cheti cha kuzaliwa walimuelekeza, chini ya miaka 5 ni bure. Shule pia, wengi bado wanadhani binti akizaa ndo basi wakati toka Novemba 2021 serikali iliruhusu warudi. Yeye kachagua masomo ya jioni, anajiandaa na QT, ule mtihani wa kufuzu kabla ya kufanya wa kidato cha 4.

Ambapo hawajafanya vizuri ni kwa vijana wa kiume. Kundi lao linakutana Jumamosi saa 3 asubuhi, saa hiyo kijana wa boda yuko kijiweni anatafuta hesabu ya bosi. Jirani yetu ana miaka 19 na ana mtoto, alienda mara mbili akaacha, na alikuwa anapenda kweli. Nimewaambia wahamishie Jumapili mchana, bado nasubiri. Pia sisi wa Ipogolo ni daladala mbili, mvua ikinyesha na mtoto mgongoni ni shida.

Mkienda bebeni kadi ya kliniki na mfike kabla ya saa 2, chumba kikijaa wanawarudisha, sisi ilishatutokea. Na kama binti anapigwa au anafanyiwa ukatili usisubiri siku ya kituo, piga 116, ni bure. Bebeni na shuka zito la mtoto, mwezi wa 6 baridi la pale mnalijua na dirisha moja halifungi.