Vitabu vya Vita vya Kwanza vya Dunia: Kipi Ununue Kwanza?

Kama una fedha ya kitabu kimoja tu kuhusu vita vya 1914 hadi 1918, nunua *The First World War* cha Hew Strachan, kile cha juzuu moja kilichotoka 2003. Soma jina la mwandishi kabla ya kulipa, kwa sababu John Keegan naye ana kitabu chenye jina hilohilo, cha 1998. Nakitanguliza cha Strachan kwa kuwa hakikwami kwenye mahandaki ya Ufaransa. Kina sura ya vita vilivyosambaa duniani, sura ya Waturuki wa Osmani na mwito wao wa jihadi wa Novemba 1914, na nyingine ya jinsi Waingereza walivyoifungia Ujerumani njia za bahari. Ukikimaliza unaelewa namna risasi za Sarajevo, zilizomuua mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria mwaka 1914, zilivyofika mpaka Tanga.

Cha Keegan nakipa nafasi ya nne. Anaeleza mapigano kwa ustadi mkubwa, kama ile tarehe 1 Julai 1916 pale Somme, Ufaransa, ambapo jeshi la Uingereza lilipoteza watu zaidi ya 57,000 kwa siku moja, zaidi ya 19,000 kati yao wakiwa wamekufa. Siasa anazipitia haraka.

Nafasi ya pili ni ya swali gumu kuliko yote: nani aliyevianzisha? *The Sleepwalkers* cha Christopher Clark (2012) kinaanzia Belgrade mwaka 1903, mfalme wa Serbia na mkewe walipouawa na maofisa wa jeshi lao, kisha kinafuatilia mji mkuu mmoja baada ya mwingine kuonyesha kwamba lawama haiwezi kubebeshwa nchi moja. Ni kazi kubwa, lakini nakusihi usiishie hapo. Tangu 1961, Mjerumani Fritz Fischer alipotumia nyaraka za serikali kuonyesha tamaa ya Ujerumani ya kupanuka, mjadala huu haujazimika, na wapo wanahistoria wanaoona Clark ameipunguzia mno Ujerumani lawama. Margaret MacMillan, katika *The War That Ended Peace* (2013), anauliza vingine: kwa nini amani ya miaka mingi ilishindwa kudumu? Kwa anayeanza, yeye anasomeka kwa urahisi zaidi, maana anawajenga wafalme na mawaziri mpaka unawajua kwa tabia zao. Vyote viwili ni vinene, kila kimoja zaidi ya kurasa 500. Chagua kimoja, kingine ukiazime.

Cha tatu, na kwa sisi wa Afrika Mashariki nisingelaumu mtu akikipandisha cha kwanza, ni *Tip and Run* cha Edward Paice (2007). Kinasimulia vita vya Ulaya vilivyopiganwa kwenye ardhi yetu, mpaka von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku, aliposalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi wakibeba mizigo ya majeshi wamepewa humo uzito wanaostahili. Vitabu vingi vya vita hivi huwapa aya moja.

*The Guns of August* cha Barbara Tuchman (1962) ni kitamu kupita vyote, ila kinahusu mwanzo wa vita tu, na mapigano ya Serbia ameyaacha nje. Kinafaa kuwa zawadi.

Kuhusu nakala yenyewe: jalada laini linatosha. Usinunue cha kusomea kwenye simu, kwa sababu ramani hazionekani, na historia ya vita bila ramani ni mateso. Ukinunua cha mtumba, fungua kurasa za ramani na picha kwanza, ndizo huchomolewa, kisha angalia kama fahirisi ya mwisho ipo yote. Ikikosekana, omba upunguziwe bei au tafuta nakala nyingine.