Nilivyoisafisha kompyuta ya nyumbani kwa Microsoft Defender na Malwarebytes

Nauza mchele wa Kyela hapa Mwanjelwa, Mbeya, na wateja wangu wengi wananipata Instagram. Asubuhi moja nikakuta ukurasa wangu unatangaza mchele kwa bei ya kutupwa, na namba ya malipo si yangu. Mama mmoja wa Makambako alikuwa ameshatuma 90,000. Nilimpelekea mchele wake kwa hasara yangu, lakini hadi leo naona aibu.

Nikabadilisha neno la siri kwa kompyuta ya nyumbani. Kesho yake wakaingia tena. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Kompyuta yangu ni ya Windows 10, na Defender, programu ya kuzuia virusi, imo humo humo, hailipiwi. Niliiagiza ikague haraka, ikajibu hakuna tatizo. Ningeishia hapo, kama si mtoto wa kaka yangu anayesoma MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya. Yeye alianzia kwenye mipangilio ya Defender, kwenye orodha ya vitu inavyoambiwa isivikague. Diski C yote imo!

"Shangazi, nani alikuwekea hii?"

Hakuna aliyeiweka kwa mkono. Nilikuwa nimeshusha Office ya kukraki, yaani iliyovunjwa kufuli ili isilipiwe, na maelekezo yake yalisema nizime antivirusi kwanza. Nikazima. Programu hasidi ikishapata ruhusa ya msimamizi wa kompyuta, inaweza kujiandikisha yenyewe kwenye orodha ile. Nakuomba uifungue orodha hiyo kabla ya kuamini jibu lolote la kwamba uko salama.

Tulipoitoa diski C kwenye orodha hiyo na kukagua diski nzima, kazi ilichukua karibu saa nne, na faili tatu zikanaswa. Kisha tukatumia ule ukaguzi wa Defender unaowasha kompyuta upya na kupekua kabla Windows haijaamka, wakati virusi hawana pa kujifichia. Huo ni kama robo saa tu, ila hifadhi kazi zako kwanza. Mwisho tukashusha Malwarebytes ya bure kwa jicho la pili. Ikakuta kiongezi cha brauza, yaani kiprogramu kidogo kinachopachikwa kwenye brauza, ambacho sikumbuki kukiweka. Malwarebytes hukupa siku 14 za kujaribu huduma ya kulipia. Zikiisha, ile ya bure inabaki kukagua pale unapoiagiza tu. Kwangu inatosha.

Kwa kusafisha, zote mbili nazisifu. Jambo ambalo haziwezi ni kukuambia nini kimeshaibwa. Wezi wa aina hii huchukua maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye brauza pamoja na vidakuzi, yaani vifaili vinavyoikumbusha tovuti kwamba umeshaingia, na kidakuzi cha akaunti iliyo wazi kinaweza kumwingiza mtu bila kuulizwa neno la siri wala namba ya uthibitisho. Kwa hiyo nilishika simu, ambayo haikuguswa, nikaanza na Gmail kwa sababu ndiyo inayofungua nyingine zote: neno jipya, kutoa vifaa vyote vilivyoingia, kuangalia namba na barua pepe za kurejesha akaunti. Kwenye vichujio vya Gmail, yaani kanuni za kupanga barua zinazoingia, nikakuta kimoja kinachofuta kila ujumbe wa Instagram kabla sijauona. Ndiyo maana sikupata onyo hata moja. Nikakifuta, kisha nikahamia Instagram.

Office ile nimeiondoa. Hesabu za magunia sasa naziweka kwenye LibreOffice, nayo ni bure kihalali.