Kwa Mgiriki, Chang'ombe: mgahawa umefungwa, lakini sifa zake nazitoa hivyo hivyo

Nikiwaambia watu wa Dar kwamba Dodoma palikuwa na mgahawa wa chakula cha Kigiriki, wanacheka. Wanadhani nasema sehemu yenye kuta nyeupe na mapazia ya buluu. Pale ukutani palikuwa na kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi na karatasi iliyoandikwa "Hatukopeshi", ambayo mwenye mgahawa mwenyewe ndiye alikuwa wa kwanza kutoiheshimu. Bango halikuwapo. Ulimwambia dereva wa bajaji "kwa Mgiriki, Chang'ombe", akakushusha mlangoni. Na huyo Mgiriki alikuwa mama wa Kigogo, mzaliwa wa Mpwapwa, Mwanglikana wa kwaya, ambaye wazee walimsalimu "Mbukwa" na sisi wengine "Shikamoo, Mama".

Upishi aliurithi kwa baba yake. Mzee alikuwa mpishi kwenye shamba la tumbaku Iringa, kwa familia ya Kigiriki, tangu kabla ya Uhuru. Wanaojua historia ya kule wanajua Wagiriki walikuwa wengi kwenye tumbaku ya Iringa na kwenye mkonge wa Morogoro na Tanga, na wengi waliondoka miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967. Tajiri wa mzee akaondoka, mzee akarudi Mpwapwa na sufuria mbili nzito na mapishi yote kichwani. Mama alijifunza akiwa binti wa kuchochea moto. Kwa hiyo ukimuuliza kitu kinaitwaje kwa Kigiriki alikuwa anatamka kama baba yake alivyosikia, na Mgiriki halisi sijui angeelewa nini. Chakula, hata hivyo, kilikuwa chenyewe.

Nianze na majani ya mzabibu, kwa sababu hayo ndiyo yaliyonifanya niwe mteja. Mimi nimekulia Dodoma. Zabibu nazijua tangu utoto, tumeziuza stendi kwenye ndoo, tukikimbizana na mabasi. Majani yake tuliwapa mbuzi. Hakuna mtu wa Hombolo au Mpunguzi aliyewahi kuniambia kwamba yanaliwa. Mama alikuwa na mizabibu yake michache nyuma ya jiko, haipigi dawa kabisa, na baada ya kupogoa, machipukizi mapya yakitoka, anachuma jani la tatu na la nne kutoka kwenye ncha. La kwanza na la pili anayaacha, yanachanika. La sita limekwisha kukomaa, utatafuna mpaka kesho. Anayatia kwenye maji ya moto yenye chumvi dakika chache, anakata kikonyo kwa ukucha, analaza jani upande wa mishipa ukiwa juu, anaweka kijiko cha mchele wenye vitunguu, nanaa na kotmiri, anakunja pembeni, anaviringisha. Unene wa kidole, sio zaidi, maana mchele unavimba. Kisha anavipanga kwenye sufuria vikibanana, juu yake anafunika kwa sahani ya udongo iliyogeuzwa ili visifunguke, maji, ndimu, mafuta, moto mdogo.

Mchele wa Kyela alikuwa hautaki. Alisema unanukia mno, unalimeza jani. Alinunua ule mchele mfupi wa bei ya chini ambao mama zetu wanauita wa uji. Na mafuta ni ya alizeti, ya Singida au ya hapa hapa. Chupa ndogo ya mafuta ya zeituni ilikaa kabatini, imefungiwa, ikitoka kwa ajili ya saladi tu, kijiko cha chai kwa sahani. Nilimwuliza siku moja kama hiyo siyo kudanganya wateja, akanijibu Wagiriki wanatumia mafuta ya zeituni kwa sababu zeituni ndiyo iko mlangoni kwao, na kwake mlangoni iko alizeti. Nikanyamaza.

Saladi yake haikuwa na kabichi wala majani yoyote: nyanya, matango, hoho, kitunguu chekundu, zeituni tatu (alikuwa anazihesabu), na kipande kizima cha jibini juu, hakikatwi. Jibini aliagiza Njombe, akailoweka kwenye maji ya chumvi mpaka ipate ule ukali. Halafu mtindi. Alikuwa anauning'iniza kwenye kitambaa usiku kucha mpaka unabaki mzito, anachanganya na matango yaliyokunwa na kukamuliwa, na kitunguu saumu ambacho kilikufuata mpaka ofisini. Vijana wa bajaji walikuwa wanakula huo mtindi na ugali wa uwele, na Mama hakuona ubaya wowote. Aliwawekea na mlenda pembeni.

Jumamosi ilikuwa siku ya biringanya. Biringanya zinakatwa, zinatiwa chumvi zitoe maji, zinakaangwa, zinapangwa na nyama ya kusaga, juu sosi nyeupe ya maziwa, unga na mayai yenye kungumanga, kisha tanuri. Ndani ya nyama anatia mdalasini. Hapo ndipo wageni walipokuwa wanashtuka, kwa sababu mdalasini sisi tunaujua kwenye pilau na chai. Binafsi naona hiki kilikuwa chakula chake cha pili kwa ubora. Cha kwanza ni mbuzi wa Jumapili. Mbuzi alimnunua mwenyewe mnadani Msalato Jumamosi, hamtumi mtu, na alimchagua kwa kumshika kiuno. Usiku nyama inalala kwenye ndimu, kitunguu saumu na chumvi. Alfajiri, kabla hajaenda ibada ya kwanza, inafungwa kwenye karatasi na viazi, inaingia tanuri la matofali, mlango unazibwa kwa udongo. Akirudi kanisani anaacha bado. Saa nane mchana anabomoa ule udongo kwa mwiko wa chuma, na ukiwa umekaa karibu unapigwa na mvuke usoni wenye harufu ambayo siwezi kuieleza kwa mtu ambaye hakuwepo. Mfupa unautoa kwa vidole viwili.

Pasaka walikuwa nazo mbili. Ya kanisani kwake, na ile ya Kiorthodoksi ambayo mara nyingi huangukia tarehe nyingine, ambayo baba yake aliendelea kuishika bila kuwa Mworthodoksi. Siku hiyo watoto wa mtaa walipewa mayai yaliyochemshwa na kutiwa rangi nyekundu, kwa maganda ya vitunguu. Wanangu walikuwa wanaijua tarehe kuliko mimi.

Sasa niseme na mengine, maana watu wakifa au wakifunga tunawasifu mpaka tunadanganya. Huduma ilikuwa ya pole pole mno. Ukienda na njaa umeumia. Mama alikuwa hapiki kitu kabla hujaagiza, isipokuwa vya tanuri, na binti aliyemsaidia alikuwa na simu mkononi kuanzia asubuhi. Supu ya kuku ya mayai na ndimu ilikuwa nzuri siku mbili kati ya tatu. Ya tatu ilikuwa chachu kiasi cha kufumba jicho, au mayai yamekatika yameelea vipande vipande. Soda hazikuwa baridi. Mvinyo hakuuza, kwa imani yake, ila ukija na chupa yako ya mvinyo wa Dodoma hakukugombeza. Alikupa glasi ya chai uunywee humo, nadhani kama adhabu. Kahawa ilichemshwa na unga wake ndani, na mgeni asiyejua alikunywa mpaka mashapo.

Na meza. Hapa nina maslahi, kwa hiyo unisome kwa tahadhari: mimi ni seremala, meza zile nilizitengeneza mimi, mninga, kwa malipo nusu fedha nusu chakula, na hesabu hiyo ya chakula hatukuwahi kuifunga. Sakafu ya ile nyumba ilikuwa imepinda, simenti ya zamani iliyozama upande wa mlangoni. Mama alikataa kuweka vipande vya maboksi chini ya miguu. Basi nikakata kila mguu kufuata sehemu yake. Kila meza ilikuwa na mahali pake pamoja tu duniani, na chini yake niliandika kwa chaki: dirishani, mlangoni, nguzoni. Mteja akihamisha meza ili akae na wenzake, zote mbili zinayumba, na Mama anatoka jikoni kuja kumpa somo.

Kuhusu kufungwa, mtaani kila mtu ana sababu yake. Wengi wanalaumu serikali kuhamia, na mimi nakubali nusu. Uamuzi wa Dodoma kuwa makao makuu ni wa 1973, tumeuzoea kama hadithi. Watu walianza kuja kweli baada ya 2016, na miaka ile ya mwanzo Mama alinufaika hasa. Maofisa waliokuwa hawana familia hapa walikula kwake kila mchana, na wakati wa Bunge la bajeti ulikuwa hupati kiti. Kisha wizara zikajenga Mtumba, nje ya mji. Hakuna atakayetoka Mtumba, aje mpaka Chang'ombe, asubiri chakula saa nzima, arudi kazini. Meza za mchana zikabaki na sisi mafundi na wanafunzi. Wakati huo huo kiwanja kikapanda bei, mwenye nyumba akapata mnunuzi, na hapo simlaumu sana, hata mimi ningeuza. Lakini magoti ya Mama yalikuwa yamekwisha kuamua kabla ya mwenye nyumba. Kuinama kwenye tanuri katika umri ule ni kazi. Binti yake yuko Dar, kazi nzuri, hataki habari za moshi.

Wanaoniuliza waende wapi sasa: kwa mbuzi, Msalato siku ya mnada, ingawa ni wa kuchoma, mtamu kwa namna yake. Kwa majani ya mzabibu hakuna pa kwenda, ni kupika mwenyewe. Ongea na mkulima mapema, kabla hajapiga dawa ya ubwiri, ule ukungu wa mizabibu, na umlipe, usiombe bure kwa sababu eti ni majani.

Mama yuko Mpwapwa, mzima, anafuga kuku. Nimejenga tanuri dogo uani kwangu, na juzi nilimpigia simu kumwuliza mbuzi anakaa ndani muda gani, maana kipimo chake cha ibada ya kwanza mpaka saa nane mimi kinanishinda. Akasema, "Mwanangu, mpaka jirani abishe hodi kuuliza unapika nini."

Jirani yangu alibisha saa nne asubuhi. Nyama ilikuwa bado mbichi.