Kabla ya Kununua Fila ya Jipsamu, Geuza Mfuko Uone Tarehe

Lalamiko linalonifikia kuliko yote ni hili: bodi za jipsamu zimefungwa vizuri, tepu imebandikwa, rangi imepakwa, halafu baada ya muda ufa mwembamba unajichora palepale bodi mbili zinapokutana. Fundi analaumiwa, bodi inalaumiwa, hata msingi wa nyumba unashukiwa. Fila, yaani ule mchanganyiko wa kuziba maungio ya bodi, haiulizwi. Kwa hiyo leo bodi siijadili. Ya milimita 12.5 ukutani inatosha. Tuzungumze fila.

Ziko za namna mbili. Ya unga, unayoikoroga na maji, huganda kwa kemia: jipsamu iliyochomwa kiwandani hunywa maji na kurudi kuwa jiwe. Ya ndoo, iliyokwisha kukorogwa, hukauka tu kwa kupoteza maji, na kadiri maji yanavyotoka ndivyo inavyosinyaa.

Nafasi ya kwanza: Sheetrock Easy Sand 90, ya unga. Naipenda, na hapa naipigia debe bila aibu. Hiyo 90 ni dakika za kuganda, kwa makadirio. Anayeanza asitamani ile ya 20. Atakuwa bado anahangaika na pembe ya ukuta huku fila imeshakuwa jiwe ndooni. Inasinyaa kidogo sana, inaziba vizuri nafasi pana kati ya bodi na matundu ya kukarabati, inashika tepu, na inakubali msasa. Durabond, fila nyingine ya unga, ina nguvu kuliko hiyo, ila ukiacha matuta utayasugua mpaka bega likome. Uniflott ya Knauf nayo ni ya unga na ni nzuri, sina ugomvi nayo.

Sasa jambo ambalo wanunuzi hawaliangalii: umri wa mfuko. Unga uliokaa sana ghalani huvuta unyevu na kuanza kuganda ungali ndani ya karatasi yake. Ukiukoroga unakutana na chembe ngumu zinazochora mifereji kila mwiko unapopita, na zile dakika zilizoandikwa hazina maana tena. Fila ya namna hiyo haishiki tepu inavyopaswa, na hapo ndipo ufa unapozaliwa. Geuza mfuko, tafuta tarehe ya kutengenezwa. Kisha bonyeza pembe zake kwa vidole: zikiwa ngumu, urudishe ulipoutoa, hata kama jina lililoandikwa juu ni lile ninalolisifu mimi.

Na wauzaji ndio wanaonichosha. Mifuko inapangwa moja kwa moja juu ya sakafu ya saruji, bila hata ubao chini, inanyonya unyevu usiku na mchana. Stika ya bei inabandikwa juu ya tarehe kabisa. Ukiibandua unaangaliwa kama mwizi. Ukiuliza, unaambiwa "unga ni unga". Mkate wa jana hupunguzwa bei, lakini fila ya tangu mwaka juzi inauzwa sawa na iliyoshuka leo kwenye lori, na ukiirudisha na mabonge yake unaambiwa hujui kukoroga.

Nafasi ya pili: fila ya ndoo. Nunua kwa ajili ya mikono ya mwisho, yaani tabaka za juu, kwa sababu ni laini na inasuguliwa kwa urahisi. Kila mkono usubiri ukauke kabisa, mara nyingi siku nzima, kabla ya kupaka mwingine. Ukifungua ndoo ikanuka uchachu, ukungu umeshaingia. Usiiweke kamwe mkono wa kwanza juu ya tepu ya wavu; wavu unataka fila ya unga. Mimi kwenye maungio natumia tepu ya karatasi, hasa pembeni, kwa kuwa ina mkunjo katikati na haivutiki.

Hizo fila za bei rahisi za kuziba matundu ya misumari zizibe matundu ya misumari. Basi.

Nakshi ya ukuta haihitaji bidhaa ya pekee: fila ya ndoo ikiongezwa maji kidogo na kuvingirishwa kwa rola inatosha kwa anayeanza. Makopo ya kupuliza yanafaa kwenye kiraka tu, maana yanakwisha haraka, na ujaribu kwanza kwenye kipande cha bodi kilichobaki.

Ongezea kwenye manunuzi barakoa ya vumbi na ndoo mbili. Mabaki ya fila iliyoganda ndooni huharakisha mkorogo unaofuata, kwa hiyo moja ioshwe huku nyingine ikitumika. Unga uliobaki uhamishie kwenye chombo chenye mfuniko unaobana, uandike tarehe kwa kalamu nzito, na ukiinue kutoka sakafuni.